Huyu mhamasishaji anayemsifia Genghis Khan, nani anampa maiki?

Wakuu, natetemeka mpaka vidole, mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Nimeingia ndani sasa hivi, hata viatu sijavua.

Tulikuwa semina ya walimu tangu saa mbili asubuhi, na mtoa mada ni huyo huyo. Nyote mnamjua. Suti ya bluu, kiatu kimechongoka mpaka unaweza kukichomea mshikaki, kila dakika mbili "mgeukie jirani yako umwambie". Jina silitaji, usiku huu.

Mada ya leo eti "Fikra za Mshindi". Mshindi mwenyewe ni Genghis Khan, yule mtawala wa Wamongolia! Akaturushia ukutani picha ya ile sanamu ya Tsonjin Boldog kule Mongolia, mita 40 za chuma, mtu na farasi wake, akatuamuru tusimame tuipigie makofi. Watu wazima wenye wajukuu wakasimama.

Nikavumilia. Akaeleza Temujin, ndiyo jina la Genghis la utotoni, alivyokua yatima, akaunganisha makabila, akatawazwa 1206 kando ya mto Onon. Sawa. Akaeleza vituo vya farasi vya kupokezana ujumbe, na kila dini kuachwa iabudu. Sawa, hayo kweli. Halafu akasema: "Na hakuua asiyemchokoza."

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu zote: mtoa mada, mji wa Merv kule Asia ya Kati mbona umeuruka? Mwaka 1221 mji ulijisalimisha kwa mwanawe Tolui, watu wakatolewa nje ya kuta, mafundi wakatengwa, waliobaki wakagawiwa askari kwa mafungu wachinjwe. Na mji wa Nishapur, Uajemi, mwaka huo huo, ambako waandishi wa Kiajemi wanasimulia hata paka na mbwa hawakuachwa?

Akacheka. Akashuka jukwaani, akaja mpaka mezani kwangu, akanitoa maiki mkononi taratibu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akanishika bega, akasema: "Mwalimu, hao watu hata wasingeuawa, leo wangekuwa wamekufa tu."

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mkuu wangu wa shule alicheka mpaka soda ikamtokea puani.

Leo wangekuwa wamekufa tu! Mwanahistoria Ibn al-Athir aliishi zama zile zile, na akakaa miaka kadhaa akikwepa kuliandika jambo hilo kwa jinsi lilivyomlemea. Yeye kalamu ilimshinda, huyu wetu anashika maiki anachekelea. Na bega langu akalishika! Nimefundisha historia miaka 14, sijawahi kushikwa bega namna ile, kama mgonjwa anayeambiwa akalale.

Wangekuwa wamekufa tu. Anayemfahamu amfikishie kwamba sijamsamehe.

Mzee wa Kachumbari: Huyo jamaa! Kwetu alikuja na tai. Eti tai akizeeka anajing'oa manyoya na mdomo, anarudi kijana. Mwalimu wa baiolojia akasema hakuna tai wa hivyo, akaambiwa ana fikra za kuku.

Jembe Butu: Miaka 800 imepita wewe unalia. Una shamba Merv?

Mleta uzi: Sina shamba. Merv leo ni magofu huko Turkmenistan, katazame picha. Na alisema "wangekuwa wamekufa tu" HUKU AMENISHIKA BEGA.

Nahodha Mstaafu: Simtetei mwenye suti, ila tuwe wakweli. Juvayni, mwanahistoria wa Kiajemi, kaandika waliouawa Merv ni milioni moja na laki tatu, Ibn al-Athir laki saba, na wanahistoria wa leo wanaona hizo zimezidi. Halafu chanzo cha vita ni mji wa Otrar, 1218. Gavana wa Khwarazm, dola iliyokuwa na miji hiyo, aliua msafara wa wafanyabiashara kama 450 wa Genghis. Mjumbe aliyekwenda kudai haki akauawa, wenzake wakanyolewa ndevu.

Mleta uzi: Idadi sijataja hata moja, soma tena. Na watoto wachanga wa Nishapur walimnyoa nani ndevu?

Binti Sururu: Nimesoma Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, miaka miwili. Uwanja wa ndege una jina lake, noti zina sura yake, hata pombe kali inaitwa yeye. Msiwashangae. Wakati wa Wasovieti kumsifu ilikuwa kujitafutia balaa. 1962 walijenga mnara Dadal kwa miaka 800 ya kuzaliwa kwake, na Tömör-Ochir aliyekuwa kigogo wa chama akafukuzwa kwa ajili hiyo. Kwao ni baba aliyerudishwa nyumbani. Ila usiende na hizo sifa Baghdad, mjukuu wake Hulagu alipita pale na upanga 1258.

Jembe Butu: Si ndiye baba wa nusu ya Asia? Heshima yake.

Nahodha Mstaafu: Nusu umeitoa wapi? Utafiti wa 2003 ulikuta karibu asilimia 8 ya wanaume wa eneo kubwa la Asia wana ukoo mmoja wa baba. Kumtaja yeye ni makisio. Kaburi lake halijaonekana, vinasaba vyake mmevipimia wapi?

Mla Posho: Tuache wafu. Mwalimu, posho mlipewa?

Mleta uzi: Hatukupewa. Turudi kwenye bega.

Mla Posho: Sisi TULITOZWA 30,000. Tukapewa chupa ya maji na kalamu isiyoandika.

Mzee wa Kachumbari: Nyinyi mna kalamu! Kwetu andazi moja watu wawili, na mwenzangu akatangulia kung'ata.

Binti Sururu: Andazi lina nafuu. Kwetu pilau liliisha kwenye foleni ya viongozi, sisi tukapewa mchuzi mtupu kwenye kikombe cha chai.

Mleta uzi: Wakuu, mada ni watu wa Merv. Alicheka!

Jembe Butu: Mchuzi wa nini? Nyama au maharage?

Binti Sururu: Ndiyo mpaka leo hatujajua.

Mla Posho: Mwalimu, na yako ya leo inaandika?

Mleta uzi: Haiandiki.