Mashine ya kuprogramu kontroboksi inaleta ero ya hadiwea

fundi_ilala:
Wakuu habari zenu, mashine yangu ya kusoma na kuandika kontroboksi (kompyuta ya gari, ECU) ilikuwa inapiga kazi fresh tu, sasa nikichomeka kwenye laptop taa inawaka ila programu inaleta ero ya hadiwea, haiioni kabisa, na boksi la mteja lipo mezani limeshafungwa waya, nianzie wapi?

waya_mweusi:
Mkuu kwanza usiandike chochote, mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika boksi la mtu linaweza kufa hapohapo. Chomoa boksi, acha mashine peke yake, badilisha waya wa USB na tundu, cheki na draiva ya mashine kwenye laptop.

mama_diagnosi:
Na umeme jamani, hapa ndo wengi wanaumia. USB ni volti 5 tu, boksi linataka 12 na kuendelea tena zilizotulia, tafuta powasaplai ya maana. Ukitumia soketi ya OBD ya gari (ile ya kuchomeka mashine ya kupima) pima pini 16 kama ina moto wa betri, 4 na 5 ni graundi. Kwa gari za CAN (waya mbili ambazo maboksi ya gari yanawasiliana) zima kila kitu upime kati ya pini 6 na 14, inatakiwa omu 60 hivi laini nzima, ila ukiwa umeshatoa boksi usishtuke ukikuta 120, mara nyingi rezista moja imo humohumo ndani.

fundi_ilala:
Asante dada, peke yake imeonekana, nikirudisha boksi inapotea.

mama_diagnosi:
Basi angalia boksi linavuta ampea ngapi, zikiruka juu ghafla kuna shoti au umekosea pini.