Swali gumu kwenye usaili ulilijibuje? Tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Wiki ijayo nina usaili wa mahojiano Dodoma. Mchujo nimeshapita, ila huku kukaa mbele ya paneli ndiko kunakoninyima usingizi. Mara ya mwisho niliulizwa, "Umekaa mtaani miaka mitatu, ulikuwa unafanya nini?" Nikaanza kulalamikia ugumu wa ajira. Nilipoinua macho, mwenyekiti alishafunga faili langu. Mliopita huko, naombeni msaada.

#2
Pole sana mkuu. Hilo hata mimi niliulizwa, nafasi ya afisa mikopo. Nikawaambia ukweli: nilikuwa nauza viatu vya mtumba Karume. Nikaeleza ninavyofungua belo, ninavyopanga gredi, na daftari la wanaokopa. Mzee mmoja aliyekuwa anaandika tu muda wote akaweka kalamu chini. "Na asiyelipa unamfanyaje?" Kuanzia hapo nikawa naongea naye kama mteja wangu. Niliitwa kazini. Mkuu, usiifiche kazi ya mtaani.

#3
Mimi ni mdada. Kampuni moja binafsi waliniuliza, "Unatarajia kuzaa lini?" Chumba kikawa kimya, dada wa utumishi akainamia karatasi zake. Nikaona wasiwasi wao ni safari, nikajibu, "Kama ni safari za mikoani, nimezunguka Kanda ya Ziwa miaka miwili na sijawahi kukosa ripoti." Wakahamia swali lingine. Kazi nilipata, lakini iliniuma mpaka leo. Wadada mjue, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ujauzito, ndoa au majukumu ya familia, na inamlinda hata anayeomba kazi.

#4
Usilolijua sema hulijui. Mimi nilibuni jibu kuhusu kanuni za manunuzi, kumbe aliyeuliza ndiye bosi wa manunuzi. Akanisikiliza kwa upole hadi mwisho, kisha akasema, "Asante, unaweza kwenda."

#5
Serikalini usihangaike na swali la mshahara, ngazi huwa kwenye tangazo. Beba vyeti halisi.

#6 (mleta mada)
Nashukuruni sana. Miaka ile mitatu nilikuwa Ilula na mama, tunalima nyanya. Sikuwahi kuwaza kuitaja. #2, nikianzia na siku tuliyokataa bei ya dalali, tukapeleka matenga yetu wenyewe Dar, itafaa?