Wenye boti acheni kusema "injini ni injini", mtatuulia watu!!

Wakuu habari za saa hizi. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, maana hili jambo nimelisema kwa mdomo mpaka koo limekauka na kila ninayemwambia anaona fundi anatafuta hela. Kuna watu wana boti zenye injini ya ndani, yaani ile inayokaa kwenye chumba chake chini ya sakafu, sio ile ya kufunga nyuma, na wanaitunza kwa akili ya gari. Kauli yao ni moja, injini ni injini.

Hapana jamani. Gari likivuja petroli inadondoka barabarani na upepo unaimaliza. Boti ikivuja hiyo petroli haina pa kwenda, inashuka kwenye ngama, yaani kule chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa kwa hiyo unatulia kule chini kama maji kwenye beseni, hautoki kirahisi hata ukiacha mlango wazi. Na wala hauhitaji kuwa mwingi, ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa ya mle ndani tayari ukipata cheche unalipuka. Sasa palepale kwenye huo mvuke kuna stata, kuna alteneta, kuna mabetri, na juu yake kuna abiria wamekaa na watoto wao wanangoja safari.

Juzi nimeitwa kwenye boti moja ya petroli, shida yake "inasumbua kuwaka". Nainua mfuniko wa injini harufu ya petroli inanipiga mpaka macho yanawasha. Namuuliza mwenye boti hii harufu imeanza lini, ananijibu "hiyo ya kawaida fundi, boti zote zinanuka hivyo", na muda huo ameshashika ufunguo anataka anipigie stata nisikie inavyolia!! Nikamwambia bosi toa mkono hapo, tushuke wote kwanza. Akanuna, eti nampotezea muda ana wateja saa nane.

HAKUNA harufu ya petroli ya kawaida kwenye boti. Haipo. Ukiisikia maana yake kuna mahali panavuja, uwe umepaona au hujapaona. Unachofanya ni kushusha watu, unafungua mifuniko yote, unafunga koki ya tenki, hugusi swichi yoyote ya umeme mpaka hewa itoke na uvujaji upatikane.

Basi baada ya kupitisha hewa vya kutosha nikaanza kukagua. Aisee. Alteneta ya gari. Pampu ya mafuta ya gari. Blowa, ile feni ya kunyonya mvuke kwenye chumba cha injini na kuutoa nje, ukiwasha inaunguruma vizuri kabisa ila hosi yake imechomoka, inavuta hewa ya juu na kuitupa nje huku mvuke umelala kule chini haujaguswa. Waya wa alamu ya injini umekatwa na kufungwa tepu. Yaani kila kitu kilichowekwa pale kwa ajili ya kuokoa roho ya mtu, mtu mwingine amekiondoa kwa mikono yake na akalipwa.

Hapo ndipo hasira yangu inahamia kwa mafundi wenzangu. Alteneta ya boti ya petroli na ya gari kwa nje zinafanana, bolti zinaingia, mkanda unakaa, inachaji vizuri tu. Tofauti iko ndani. Brashi za alteneta zinapiga cheche wakati inazunguka, hiyo ni kawaida yake, ila ile ya boti imetengenezwa ili cheche isiweze kutoka na kuwasha mvuke ulioko nje, matundu yake ya hewa yana wavu mwembamba wa chuma. Stata hivyohivyo, distribyuta hivyohivyo. Ya gari imeachwa wazi kwa sababu kwenye gari hewa inapita muda wote. Fundi anayejiita fundi wa boti analijua hili, na kama halijui hana kazi ya kufanya kwenye chumba cha injini.

Pampu ya mafuta ndio inaniuma zaidi. Zile za kizamani za kusukumwa na injini zina mpira ndani unaopanda na kushuka. Ule mpira siku moja utachanika, lazima uchanike, ni mpira. Pampu ya boti imelifikiria hilo, petroli iliyopita inashikwa na kurudishwa kwenye kabureta kwa kibomba cha plastiki kinachoonyesha ndani, kwa hiyo ukiona mafuta kwenye kile kibomba unajua pampu imekufa na unabadilisha. Pampu ya gari ina kitundu tu kinachomwaga nje. Nje ni wapi? Ni kwenye ngama! Chini ya miguu ya watu! Na kile kichuma chenye matundu matundu kinachokaa mdomoni mwa kabureta, kinachozuia moto pale injini inapokohoa kurudi nyuma, nimekuta watu wamekitoa eti kinaibania injini hewa. Kikichafuka kinaoshwa, kinakaushwa, kinarudi mahali pake, basi.

Blowa nayo watu wanaiona kama pambo. Wanawasha blowa na injini kwa pamoja, au wanaiwasha wakikumbuka. Kanuni iko wazi na kule Marekani wameibandika kabisa kwenye kibao pembeni ya swichi, dakika 4 kabla ya kuwasha injini ya petroli. Na mdomo wa hosi unatakiwa uwe chini kabisa ya chumba, juu kidogo tu ya maji ya ngama yanapofika siku zote, sio uning'inie popote. Halafu hata ukimaliza hizo dakika inua mfuniko uinamishe kichwa unuse mwenyewe, pua haidanganyi na hailipiwi. Ukishajaza mafuta ndio usithubutu kuruka hatua, wakati wa kujaza injini imezimwa, madirisha na mifuniko imefungwa mvuke usiingie ndani, mdomo wa pampu unagusa shingo ya tenki muda wote, ukimaliza fungua kila kitu, futa kilichomwagika, blowa, nusa, ndio uwashe. Abiria wapande baadaye. Kuna manahodha wanajaza mafuta huku abiria wamejaa na mmoja anavuta sigara pale nyuma, na ukisema unaambiwa una kiherehere.

Sasa turudi kwenye ile "inasumbua kuwaka", maana hapa watu wengi wanaua injini bila kujua. Boti haiwaki, mtu anapiga stata, anapiga tena, anapumzisha, anapiga tena, na koki ya maji ya nje, yale ya kupoozea injini, iko wazi. Kila stata inapozunguka pampu ya maji nayo inazunguka na kusukuma maji kwenye bomba la moshi, na kwa kuwa injini haijawaka hakuna moshi wa kuyatoa nje. Maji yanajaa kwenye silensa, yanapanda, yanarudi mpaka kwenye silinda. Siku injini inataka kuwaka pistoni inakutana na maji, na maji hayabanwi, konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, inapinda. Fundi unaitwa unaambiwa "ilikuwa nzima jana". Kama injini inagoma funga koki, piga stata kwa muda mfupi mfupi, ikiwaka tu FUNGUA KOKI HARAKA. Harakaharaka kweli, maana impela, ile feni ndogo ndani ya pampu ya maji, ni mpira na maji ndio kilainishi chake, ikizunguka kavu haimalizi dakika nyingi inaungua na kukatika vipande, vile vipande vinakwenda kukwama kwenye kipoozeo na hata ukiweka impela mpya injini inaendelea kuchemka.

Kwa hiyo kila ukiwasha, macho nyuma kwenye bomba la moshi, maji yanatoka? Hayatoki zima, kabla hujazungumza na mtu yeyote. Lile bomba la mpira la moshi linapoozwa na yale maji, yakikosekana linaungua, likiungua moshi unaingia ndani ya boti, na baadaye maji nayo yanaingia.

Na hapo ndipo alamu inapotakiwa kupiga kelele, ila umeikata waya kwa sababu "inasumbua wateja". Alamu inalia kwa sababu oili haina presha au joto limepanda, hailii bure. Ukifungua ufunguo kabla ya kupiga stata inatakiwa ilie kidogo, hapo unajua ni nzima. Isipolia tafuta kwanini haijalia kabla hujaenda popote.

Nimemwandikia yule bosi orodha ya vitu vya kubadilisha. Amesoma, akasema bei hiyo ni ya kumkomoa, kuna fundi atamfanyia kwa nusu yake na boti itatoka leoleo. Nikafunga boksi langu la spana nikaondoka bila hela. Kinachoniumiza ni kwamba huyo fundi wa nusu bei yupo, na amekwenda. Na abiria wanaopanda pale hawana namna ya kujua kilichoko chini ya viti vyao. Ukipanda boti ukasikia petroli inanuka ndani, shuka. Uliza kwa sauti. Ukionekana mkorofi sawa.

NYONGEZA: Naona kuna waliojibu kwamba wao wana dizeli hayawahusu. Yanawahusu. Ni kweli dizeli haitoi mvuke wa kulipuka kirahisi kama petroli, ila bomba la nozeli, lile linalopeleka dizeli kwenye silinda kwa presha kubwa, likipasuka linarusha ukungu wa mafuta, ukitua kwenye egzosi ya moto unawaka. Na tafadhali msitafute uvujaji wa bomba la nozeli kwa kupapasa na kidole, presha ya pale inatoboa ngozi na kuingiza dizeli ndani ya nyama, mtu anaona kitundu kidogo tu hakiumi anaendelea na kazi na baadaye anakatwa kidole au mkono. Likimtokea mtu ni hospitali saa hiyohiyo, sio kesho. Tumia kipande cha kadibodi, ukiwa umevaa miwani. Pia toeni maji yanayokusanyika kwenye filta ya mafuta mara kwa mara, maji yakifika kwenye nozeli mtalipa pesa ndefu.

Aliyeuliza kuhusu kuumwa kichwa na kichefuchefu wakitembea mwendo mdogo huku wamefunga mapazia ya mbele, hiyo sio kichefuchefu cha bahari mkuu, hebu fikiria moshi kwanza. Boti ikienda upepo wa nyuma unazunguka na kurudisha moshi ndani, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, petroli ndio inaitoa kwa wingi zaidi. Fungua mbele hewa ipite, mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, kagua maungio yote ya bomba la moshi, na ufunge kengele ya kaboni monoksidi ile iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Watoto wasiogelee wala kukaa kile kibaraza cha nyuma injini ikiwa inawaka, hata kama gia iko huru, moshi unatokea palepale usawa wa pua zao.

Kuhusu maji yanayodondoka kwenye shafti inapotokea nje, kama inazibwa kwa zile kamba za zamani za kuzuia maji, matone mawili matatu kwa dakika shafti ikizunguka ni sawa, yanaipooza. Ukiikaza mpaka ikauke kabisa unaichoma shafti. Ikimwaga mfululizo usingoje pampu ya ngama ikuokoe.

Na aliyeniuliza moto ukiwaka mle ndani ya chumba cha injini afanye nini. USIINUE MFUNIKO. Ukiuinua umeupa moto hewa na uso wako. Zima injini, zima blowa, maana vyote viwili vinanyonya ile gesi ya kuzimia moto na kuitupa nje, funga mafuta, watu wote wavae maboya na wakae mbali na injini, upande ambao upepo hauwapelekei moshi, halafu ingiza mdomo wa mtungi wa kuzimia moto kwenye kile kitundu maalum cha pembeni ya chumba cha injini na uumwage wote. Baada ya hapo acha pamefungwa mpaka papoe kabisa, ukifungua mapema unawaka upya. Kama boti yako haina hicho kitundu, kitobolewe wiki hii, na kila anayeendesha hiyo boti aonyeshwe kilipo na mtungi ulipo.