Ushauri: nina namba nane wawili wazuri, lakini katikati panavuja

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana wa mtaani kwetu Temeke. Nina namba nane wawili, yaani viungo wa kati wanaopenda kupanda kushambulia, wote wana pumzi na wote wanalijua goli. Nawapanga pamoja kwenye 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili). Tukiwa na mpira, raha tupu. Tukiupoteza, wote wako kwenye boksi la mpinzani na mabeki wangu wa kati wamebaki yatima. Mechi tatu, tumefungwa mabao saba. Mmoja ni nahodha, naogopa kumvunja moyo nikimweka benchi. Jumamosi tunacheza. Nifanyeje?

Mkata Umeme: Kocha, England waliuugua ugonjwa huu. Euro 2004 kocha wao Eriksson aliwapanga Gerrard na Lampard katikati, kiungo mwenzao Scholes akasogezwa kushoto ili majina yote yaingie. Ureno wakawatoa robo fainali kwa penalti. Lampard huyohuyo pale Chelsea alipanda bila hofu kwa sababu nyuma yake alikuwepo Makelele, kiungo wa kukaba. Usimtoe nahodha. Toa mshambuliaji mmoja, cheza 4-3-3 (viungo watatu katikati), tafuta namba sita, kiungo wa kukaba mbele ya mabeki.

Mzee wa Benchi: Mimi napinga kidogo. Kubadili mfumo wiki ya mechi ni hatari. Waambie mmoja akipanda, mwenzake abaki.

Mwenye uzi: Nimewaambia mzee wangu, tena kila mazoezi. Ikifika dakika ya 60 wamesahau. Namba sita halisi sina, ila beki wangu wa kulia ni mtulivu, hapotezi pasi, na hatari anaiona mapema.

Mkata Umeme: Basi unaye! Kumbuka Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Liverpool wako nyuma 3-0 mapumziko, kocha wao Benítez anamwingiza Hamann, kiungo wa kukaba. Gerrard akapata ruhusa ya kupanda, akafunga la kwanza. Ndani ya dakika sita ikawa 3-3, wakabeba kombe kwa penalti. Kesho mazoezini huyo beki wako wa kulia asivuke mstari wa kati kabisa. Akae mbele ya mabeki, apokee, atoe.

Mzee wa Benchi: Hapo sawa. Lakini ongea na huyo mshambuliaji pembeni kabla hujataja kikosi. Asisikie mbele ya wenzake.

Mwenye uzi: Nitamfuata kwao leo usiku. Sasa beki ya kulia nimpe nani? Nina winga anayependa kurudi kukaba, ila mfupi.

Mkata Umeme: Mpe huyo. Mipira ya juu watacheza mabeki wa kati.