Madaktari mliopitia mafunzo ya uafisa jeshini, wiki zenu za kwanza zilikuwaje? Tupeane uzoefu

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mdogo wangu kamaliza MD na mwaka wake wa mazoezi hospitalini, kakaa mtaani bila ajira, sasa kaitwa jeshini. Kila siku ananiuliza anunue raba gani. Naona anaogopa visivyo. Nimepita njia hiyo zamani kidogo, basi naanza mimi, nanyi mwage yenu.

Niliingia na miaka 28, na kitambi cha chipsi za zamu ya usiku. Siku ya kwanza koplo mmoja, rika la kitinda mimba wetu, akaniuliza jina. Nikajibu, "Dokta..." Kabla sijamaliza akanikata: "Dokta ndiyo jina la baba yako?" Tangu hapo platuni nzima ikaniita Bin Dokta, na hadi leo wapo wanaoniita hivyo.

Kukosa usingizi hakukunisumbua, daktari gani hajazoea? Kilichonisumbua ni mikono. Wiki ya pili kwenye mchakamchaka mwenzetu akaanguka. Nikachomoka mstarini, nikapiga goti, nikashika mshipa wa shingo. "Nani kakuruhusu kutoka?" Kumbe nyuma yetu alikuwapo tabibu wa zamu na machela yake. Nilirushwa kichurachura mpaka mapaja yakagoma, na kwa siku mbili choo cha shimo nilikiingia nimeshikilia ukuta.

Nilikasirika sana. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2

Bin Dokta, pole. Mimi ni mwanamke, na adui yangu alikuwa buti. Mdogo wako asihangaike na raba, ahangaike na soksi: jozi nyembamba ndani, nene juu, na za kubadilisha zisikosekane. Lengelenge likitoka asilichune ngozi. Atoboe pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, ngozi ibaki ndiyo bandeji yake.

Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi. Wiki ya tano muundi wa kushoto ulianza kuuma mahali pamoja, padogo kama ncha ya kidole, hata nikiwa nimelala. Nikirukaruka kwa mguu mmoja, machozi. Jamani, ugonjwa huo nilishaufundisha wanafunzi! Mfupa unapata ufa kwa kupigishwa kazi ile ile kila siku, na eksirei za wiki za mwanzo mara nyingi hazionyeshi kitu. Daktari wa jeshi la Prussia (dola ya zamani ya Wajerumani), Breithaupt, aliandika habari za miguu ya askari kuvimba kwa sababu ya gwaride mwaka 1855, miaka 40 kabla eksirei haijagunduliwa. Yote hayo nayajua, na bado asubuhi ya kuripoti wagonjwa nilikaa kimya, nikiogopa kurudishwa kozi inayofuata. Nikavumilia siku tisa. Mwishowe nilirudishwa vile vile, tena na magongo.

Aseme mapema. Na akiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi baada ya adhabu au mbio ndefu, asisubiri kesho. Hiyo ni misuli inavunjika na figo zinalipa.

Mchangiaji wa 3

Naweka kambi hapa. Barua yangu iko njiani.

Mchangiaji wa 4

Nawasalimu kutoka Uganda. Nyinyi mlikuwa na bahati, amri mlizielewa! Kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya jeshi, na wazee wetu wengi walikijua kwa mdomo wa askari wa enzi za Amin. Mama yangu akikisikia alikuwa anafunga mlango. Mimi nikaenda Kabamba, kwenye chuo cha jeshi, nikijua "pole pole" na "habari". Mifupa yote ya mguu naitaja bila kukosea, lakini "nyuma geuka" ikitoka nageuka kushoto, natazamana na jirani.

Nikakijua, lakini nikakijua kwa kelele. Nilipoanza kutibu, askari wa kwanza aliyekuja nikamwambia kwa sauti ile ile ya uwanjani, "Vua shati!" Akavua, akasimama mguu sawa, macho mbele. Nikimuuliza wapi panauma, anajibu "Ndiyo, afande!" Muuguzi ndiye aliyenifundisha kusema "naomba".

Mchangiaji wa 5

Mleta mada, hiyo habari ya mikono naiunga mkono. Kwenye zoezi la porini tulivamiwa kwa risasi za baridi. Mwenzangu kapangiwa kuwa majeruhi, analia paja. Mimi huyoo, na mkoba wangu wa dawa. Mkufunzi akanigusa begani: "Umekufa. Lala hapo." Nikalala juani kama saa nzima, naangalia siafu.

Baadaye akatueleza. Risasi zikiwa bado zinalia, kwanza jibu mapigo na ujifiche. Majeruhi mwenye fahamu mwambie atambae ajikinge. Cha kufanya pale pale ni kukaza mkanda wa kuzuia damu upande wa juu wa jeraha linalomwaga damu, siyo kwenye jeraha lenyewe, basi. Mambo ya dripu na kupima presha ni ya nyuma ya kilima. Daktari akifa mbele, kombania nzima haina daktari. Hospitalini nilifundishwa kumkimbilia mgonjwa, na miguu yangu ilichelewa sana kusahau.

Mchangiaji wa 6

Mimi nilirudi nyumbani wiki ya tatu. Nilificha pumu kwenye usaili. Sina la kuongeza.

Mchangiaji wa 3

Swali: sisi madaktari tunapewa silaha kweli, au ni kwata tu?

Mleta mada

Unafundishwa kama wengine: kufungua, kusafisha, kulenga shabaha. Ila darasani utaelezwa Mikataba ya Geneva ya 1949. Tabibu anaruhusiwa silaha ya kujilinda yeye na majeruhi wake, siyo ya kushambulia. Na majeruhi wa adui ana haki sawa. Anayetangulia kutibiwa ni yule ambaye hali yake haisubiri. Mmoja wetu akauliza, "Hata kama ndiye aliyempiga mwenzangu?" Mkufunzi akasema ndiyo, akafunua ukurasa unaofuata. Darasa likawa kimya kuliko siku ya mtihani wa anatomia.

Mengine mdogo wangu atayaona mwenyewe: kwanza ukuruta, kisha uafisa mwanafunzi, na akifika salama, Amiri Jeshi Mkuu anamtunuku kamisheni, nyota moja begani, Luteni Usu. Kama ni chuo cha maafisa cha Monduli, abebe sweta. Julai pale chini ya milima maji ya asubuhi yanauma meno. Abebe pia sindano na uzi, kikata kucha, na kiwi ya kutosha.

Kumbe anausoma uzi huu. Kanipigia sasa hivi, anataka nifute habari ya Bin Dokta, wenzake wasije kumrithisha jina. Sifuti.