Ninaomba ushauri: kwa shilingi 2,000 kwa siku, nile mara moja nishibe au mara mbili kidogo kidogo?

Kijana wa Geto
Habari za majukumu, wakuu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Nimepanga chumba Kimara, na Jumamosi na Jumapili ninafanya kibarua cha saidia fundi kwenye ujenzi wa nyumba huko Mbezi. Kwa sasa nina shilingi 2,000 tu za kula kwa siku. Nimezoea kupiga pasi ndefu: asubuhi sitii kitu mdomoni, saa nane mchana ninakula wali maharage kwa mama lishe, kisha ndiyo basi hadi saa nane ya kesho yake. Siku za darasani ninavumilia, lakini siku za zege hali ni ngumu. Wiki iliyopita nilipokea ndoo ya zege ili niipandishe kwa fundi, macho yakaingia giza, ikabidi niishushe chini na kushika ukuta. Ninaomba mnifahamishe ni chakula gani kinachokaa tumboni muda mrefu, na kama ni bora kula mara moja nishibe au kugawa mara mbili. Tafadhali msiniambie niombe nyumbani, kwa sababu nyumbani ndiko wanakonitegemea mimi.

Bibi Makande
Pole sana, mwanangu. Siku za darasani achana na wali wa kununua, upike makande. Chukua mahindi yaliyokobolewa na maharage, uyaloweke usiku kucha, umwage yale maji, kisha uyachemshe mpaka maharage yaanze kupasuka ndipo utie chumvi, kitunguu na nyanya. Ukitia nyanya mapema utamaliza mkaa na maharage bado yatakuwa magumu. Sufuria moja inakulisha jioni, na asubuhi unapasha kiporo. Kinachokula fedha hapo si mahindi bali ni mkaa, kwa hiyo tafuta mpangaji mwenzako mchange, mpike pamoja. Na ukinunua unga, nunua dona, kwa sababu sembe imeondolewa kiini na pumba, na sehemu kubwa ya lishe ya hindi imo humo.

Mzee wa Mezani
Vijana wa sasa mnapata tabu kwa sababu hamkufundishwa kupanga. Sisi tuliosoma Mlimani kabla ya sera ya kuchangia gharama kuanza, tulipanga foleni na sinia mkononi na tukala chakula cha Serikali, lakini hata hivyo tulijua kubana matumizi. Leo kijana analalamika njaa huku amenunua kifurushi cha intaneti na jioni anaonekana kwenye kibanda cha chipsi mayai. Punguzeni starehe, mtaona chakula kinatosha.

Dada wa Mabibo
Mzee wangu, kwa heshima zote, mtu aliyewekewa sinia mezani hawezi kumfundisha aliyeachiwa sufuria tupu. Kijana ameuliza chakula, hakuuliza historia.

Hesabu Kwanza
Mdogo wangu, kabla hatujakupikia hapa jukwaani, nina swali. Je, una mkopo wa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi? Fedha za chakula na malazi zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Ukiongeza kibarua cha siku mbili, hiyo 2,000 inatoka wapi?

Kijana wa Geto
Mkuu, mkopo ninao, lakini una majukumu yake. Ningeomba tubaki kwenye suala la chakula. Bibi, nakushukuru sana, mahindi nitayatafuta.

Hesabu Kwanza
Majukumu gani? Hatuwezi kukushauri juu ya shilingi 2,000 kama hatujui nyingine zimekwenda wapi. Chakula na fedha hiyo ni suala moja.

Kijana wa Geto
Sawa, nitaeleza. Mkopo na kibarua vikijumlishwa, kwa wiki ninapata kama shilingi 100,000. Kati ya hizo, 50,000 zinaingia kwenye upatu tunaocheza mafundi na vibarua pale saiti kila Jumapili. Kodi ya chumba ni kama 15,000 kwa wiki, nauli na kutoa nakala za masomo ni 20,000, na zinazobaki ndizo ninazokula. Zamu yangu ya kupokea ni ya mwisho. Nikipokea ninakamilisha kianzio cha pikipiki ambacho nimeshalipa nusu, kisha nitampa dereva aniletee hesabu, yaani fedha tutakayokubaliana, kila siku. Mama yangu anauza mboga kijijini na mdogo wangu anaingia kidato cha tano, na fedha ya mkopo itakoma siku nitakayomaliza chuo. Kwa hiyo sijaomba ushauri kuhusu upatu, kwa sababu huo nimeshauamua. Njaa ni ya muda tu, pikipiki itabaki.

Nesi wa Zamu
Mdogo wangu, ninakuandikia kwa uchungu kwa sababu watu wa aina yako ninawapokea wodini. Kubeba zege juani tangu alfajiri bila kula wala kunywa maji ya kutosha kunatosha kabisa kukutia giza machoni, na aliye juu ya mbao za ujenzi akiona giza hana pa kushika. Swali lako la mara moja au mbili lina jibu: siku ya kazi ni lazima ule kabla ya kubeba chochote, hata kama ni uji mzito wa dona na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Pili, nenda zahanati upime wingi wa damu. Tatu, unapokula maharage na mchicha, kamulia limau au kula chungwa, na chai ya rangi uinywe mbali na mlo, kwa sababu chai hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyachukua kwenye mboga.

Dereva wa Zamani
Mimi pikipiki niliwahi kumkabidhi mtoto wa shangazi yangu. Mwezi wa kwanza hesabu ilikuja kila jioni, mwezi wa pili ikawa mara tairi, mara mnyororo, mara kakamatwa, na mwishowe nikawa ninadunduliza fedha ya mboga ili ninunue oili. Sikukatishi tamaa, kijana, ila usidhani kwamba siku pikipiki itakapofika ndiyo siku utakayoanza kushiba. Inakula nayo.

Shahidi wa Macho
Wakuu, samahani, mimi sijashawishika. Mwanzo alikuwa na 2,000 tu, sasa ana 100,000 kwa wiki, upatu na nusu ya kianzio. Kesho atatokea mtu kusema amemfahamu kijana huyu, na keshokutwa itawekwa namba ya simu ili tumchangie. Nyuzi za namna hii tumezisoma sana.

Mpenda Kiporo
Ikiwa ni hadithi, basi mtunzi wake ana njaa ya kweli, kwa maana mimi nimeshaweka mahindi jikoni.

Kijana wa Geto
Sijaomba hata shilingi ya mtu, na namba sitaweka. Mwenye shaka aniulize jambo la saiti. Pale kwetu mama lishe anafika saa nne na masufuria mawili, ugali na maharage. Anaandika madeni kwenye daftari, na Jumamosi jioni anakaa karibu na mlango wa stoo, mahali msimamizi anapotolea malipo, ili mtu asimpite. Mimi jina langu halimo kwenye daftari lile kwa sababu ninaogopa deni.

Fundi Tofali
Huyu yuko saiti kweli. Habari ya mlango wa stoo hasimuliwi mtu, anaijua aliyewahi kudaiwa. Sasa, mdogo wangu, nisikilize mimi niliyecheza upatu miaka mingi. Huhitaji kujitoa, na kujitoa katikati ni kuwaumiza wenzako. Nenda kwa kijumbe, yule anayekusanya fedha za upatu, ukamwombe mambo mawili. La kwanza, mtu mwenye zamu ya karibu mbadilishane, kwani wapo ambao hawana haraka. La pili, likishindikana la kwanza, tafuta mwenzako mshirikiane nafasi yako, kila mmoja atoe 25,000 na mgawane mtakachopokea. Pikipiki itachelewa, lakini utapata zaidi ya shilingi 3,000 za ziada kwa siku. Na jina lako liandikwe kwenye daftari la mama lishe kwa siku zako mbili tu. Deni la chakula unacholipa jioni hiyohiyo au wiki inayofuata kwa jasho lako si aibu. Hakuna fundi anayetaka saidia wa kuanguka na ndoo.

Mzee wa Mezani
Hapo kwenye kushirikiana nafasi ninaunga mkono. Na uji wa asubuhi usiukose.

Kijana wa Geto
Kubadilishana zamu nitamwambia kijumbe Jumapili. Kugawana nafasi bado siliafiki, kwa sababu muuza pikipiki amenipa muda na ukipita sijui kama nusu niliyolipa itarudi. Lakini daftari nitaandikwa, na Jumamosi nitakunywa uji kabla ya kutoka. Limebaki jambo moja. Dagaa wa Mwanza ndiyo kitoweo ninachokimudu, ila kila nikiwapika wana mchanga, mpaka mwenzangu wa chumba amewakataa. Wanaoshwaje?

Bibi Makande
Wachambue kwanza, mwanangu, vichwa uvitupe. Wakaange kwenye sufuria kavu bila mafuta kwa moto mdogo, wachekeche kwenye ungo, ndipo uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu huku ukibadilisha maji mpaka usione kitu chini ya bakuli. Usiwaloweke, watavurugika. Baada ya hapo ni mafuta kidogo, kitunguu, nyanya na limau, na usiwafunike wakati wa kuwakaanga, la sivyo mwenzako atawakataa tena kwa harufu.

Hesabu Kwanza
Jumapili ukitoka kwa kijumbe, uje utuambie amejibu nini. Na huyo muuza pikipiki, mwombe akuandikie kwenye karatasi kama kianzio kinarudi au hakirudi, kabla hujalipa hiyo nusu ya pili.