Mfalme wangu ana miaka 68, nataka kurekebisha dini ya mababu kabla hajafa. Nichague nguzo zipi?

Chuma_Chakavu:
Wakuu, habari za usiku.

Nipo kwenye Crusader Kings III, gemu ya kompyuta ya kuongoza ukoo wa watawala wa zamani, kizazi hadi kizazi. Nilianza 867 na Björn Ironside pale Uppsala, sasa ni 941 na anayetawala ni mjukuu wake, mzee wa miaka 68 mwenye kikohozi kisichoeleweka. Wanaoujua mchezo wanajua: dini ya Wanorsi unaipokea ikiwa haijarekebishwa. Unabaki kwenye ukabila, huwezi kupanda kwenda ukabaila, huna mkuu wa dini, na jirani yako Mkristo anakuona ibilisi. Ukishika mahali patakatifu patatu na ukawa na ucha Mungu wa kutosha, unaruhusiwa kuisuka upya kwa kuchagua nguzo zake tatu, yaani misingi ya imani.

Patatu ninapo: Uppsala, Lejre na Zeeland. Nguzo mbili nimeshazikubali moyoni, Kuabudu Mababu na ile ya kafara za binadamu. Ya tatu ndiyo inaninyima usingizi. Niweke kuchanganya na Ukristo ili Wafranki wapunguze chuki, au niweke ya kupenda vita? Na mkuu wa dini awe mfalme mwenyewe au kuhani? Bei ya kurekebisha inasoma ucha Mungu 5,200, mimi nina 3,900.

Naomba majibu kabla ya Jumamosi.

Mtumishi_Asiyelala:
Nimesoma kichwa cha uzi nikajua mzee wako wa kweli yuko kitandani na mmeshaanza kuzunguka kwa waganga. Nimeingia na maombi tayari. Kumbe gemu.

Hata hivyo nikuambie, kijana. Kafara ni kafara. Leo unabofya, kesho unazoea. Nilikuwa na jirani alianza na karata tu.

Kisu_Butu:
Nguzo ya tatu weka pilau ya Ijumaa. Hutaasiwa na mtu.

Nahodha_wa_Shela:
Mimi sichezi, macho yangu hayawezi yale maandishi madogo, lakini swali la mkuu wa dini limenigusa. Yupo aliyelijaribu kweli. Mwaka 980 Vladimir, mtawala wa Warusi wa kale, alipokamata Kiev alisimamisha masanamu ya miungu kilimani karibu na jumba lake. Perun, mungu wao mkuu, alikuwa wa mti, kichwa cha fedha, masharubu ya dhahabu. Pembeni yake Khors, Dazhbog, Stribog, Simargl na Mokosh. Miungu ya huku na kule imepangwa kwenye kilima kimoja chini ya mtawala mmoja. Sasa hiyo si ndiyo kazi unayotaka kuifanya?

Miaka minane tu. Mwaka 988 Vladimir mwenyewe kabatizwa, Perun kafungwa kwenye mkia wa farasi, kaburutwa mteremko mzima huku watu kumi na wawili wakimpiga fimbo, akatupwa mto Dnieper. Aliyeisimamisha ndiye aliyeizamisha. Ukuu wa dini mpe kuhani.

Fundi_Ramani:
Mkuu, acha nguzo kwanza. Nina maswali matatu. Mfalme ana watoto wangapi wa kiume? Mirathi yenu ni ya namna gani? Na upo Ironman, ile hali isiyokuruhusu kurudi nyuma ukikosea, au hapana?

Chuma_Chakavu:
Watoto wapo wa kutosha, hilo nimelishughulikia. Naomba tujikite kwenye nguzo.

@Nahodha asante mzee wangu, ila Vladimir hakuwa na nguzo ya kupenda vita.

Fundi_Ramani:
"Nimelishughulikia" ndiyo sentensi iliyonifanya nipoteze himaya tatu. Idadi, mkuu.

Mama_Kibonzo:
Mimi naomba kuuliza pembeni. Hili gemu ndilo linamfanya mtu mzima mwenye ndevu aseme usiku wa manane "subiri kidogo binti yangu anaolewa na mtoto wa Emir"? Binti yetu ana miaka minne. Nilikaa kitandani nikimwangalia mgongo tu, mwanga wa skrini umempiga usoni, anahesabu mahari ya watu waliokufa miaka elfu iliyopita. Ada ya shule hakumbuki.

Kisu_Butu:
Dada, huyo mrekebishe wewe. Mahali patakatifu patatu unapo: jikoni, chumbani na kwenye pochi yake.

Mkazi_wa_Kisauni:
Mimi malalamiko yangu ni mengine kabisa. Jamaa wameweka Wasomali, wameweka Wahabeshi, halafu ramani inakatika kabla haijafika kwetu. Kilwa hakuna, Mombasa hakuna, Zanzibar hakuna. Mtu wa pwani ukitaka kutawala itabidi ukawe Mviking. Mwenye uzi, achana na baridi ya Uppsala, anza na Daurama kule kwa Wahausa, 867 hiyo hiyo. Huko napo dini ni ya kienyeji na haijarekebishwa, utamu uleule, na huhitaji koti.

Fundi_Ramani:
@Chuma_Chakavu bado nasubiri idadi.

Chuma_Chakavu:
Haya. Watano. Wawili wa malkia, watatu wa masuria. Mirathi ni ule mgawanyo wa zamani, unaozalisha falme mpya mzee akifa. Na ndiyo, Ironman.

Lakini narudia, nimelishughulikia. Aliyekuwa achukue Denmark yote pamoja na Lejre ni Juma, wa tatu. Huyo nimeshamfuta kwenye urithi tangu 938. Imenigharimu sifa ya ukoo lakini Lejre imebaki kwangu. Kwa hiyo swali linabaki palepale.

Kisu_Butu:
Juma?

Mkazi_wa_Kisauni:
Juma Björnsson 😂😂 Huyo alipita Kisauni akapotea njia.

Fundi_Ramani:
Kimchezo uko sahihi, nisikudanganye. Mahali patakatifu pasipokuwa pako au pa walio chini yako hapahesabiwi. Juma angerithi Denmark angekuwa mfalme sawa na kaka yake, hana wa kumwinamia, na mpango wako ungekufa siku ya mazishi.

Lakini mchezo hauwapi watoto wa Wanorsi jina la Juma. Hilo limeandikwa na mkono wa mtu. Nani kampa?

Chuma_Chakavu:
Mnakuza mambo. Ni jina tu.

Mama_Kibonzo:
Baba, jibu swali.

Chuma_Chakavu:
Sawa. Himaya ni ya mdogo wangu. Yuko kidato cha tano, bweni. Alivyorudi shule kaniachia kompyuta na himaya, kasema niendeleze tu, nisiharibu. Jumamosi anakuja likizo fupi.

Kuna karatasi kaniachia. Ya daftari la hesabu, ile ya visanduku, kaikunja mara nne kaiweka chini ya kipanya. Kaandika dini itaitwa Kibibi, kwa sababu ya bibi aliyemlea. Nguzo ya kwanza Kuabudu Mababu, ya pili kaacha wazi na alama ya kuuliza, ya tatu kaacha wazi pia. Wanawake na wanaume warithi sawa. "Kafara HAPANA", kapiga mistari miwili chini. Na mwisho kabisa kaandika usimguse Juma.

Kabla hamjanirukia: dogo hajui hesabu za mgawanyo. Yeye anaweka dini kwa mapenzi, mimi naiweka ishinde. Kafara zinaleta ucha Mungu, mahabusu wamejaa, tunawalisha bure. Na Juma hajauawa. Yupo hai, anakula, kapewa kaunti ndogo huko pembeni.

Mtumishi_Asiyelala:
Esau na Yakobo walianza hivihivi. Na pale ilikuwa dengu tu.

Mpiga_Kengele:
Wakuu samahani kwa kuwakatia utamu. Hii ni CHAI, tena ya maziwa.

Moja, jana "nilianza 867", leo himaya ni ya dogo. Mbili, anatutajia bei 5,200. Ironman hairudi nyuma, sasa bei ya dini ambayo hajaithibitisha kaionea wapi? Tatu, na hii ndiyo kubwa: wiki tatu zilizopita kwenye uzi wa mirathi ya nyumba, huyuhuyu Chuma_Chakavu aliandika kwa mkono wake, "mimi ni mtoto pekee". Nimeutafuta uzi nimeusoma mara mbili. Dogo katoka wapi? Bibi katoka wapi? Tunalishwa tamthilia hapa.

Kisu_Butu:
Nilijua. Hakuna mtu anaweka kikohozi kwenye mwanzo wa hadithi bure.

Mama_Kibonzo:
Na mimi nilishaanza kumhurumia Juma!! Mods funga uzi.

Fundi_Ramani:
La pili si kosa. Dirisha la kurekebisha dini unalifungua, unapanga na kupangua nguzo, bei inapanda na kushuka mbele yako, na mchezo hauandiki kitu mpaka uthibitishe. Ironman haihusiki hapo. La kwanza na la tatu ajibu mwenyewe.

Nahodha_wa_Shela:
Hata ikiwa chai sioni ajabu. Hizo kafara za Uppsala tunazozijua zimetoka kwa Adam wa Bremen, padri, kaandika miaka ya 1070: kila mwaka wa tisa, madume tisa ya kila kiumbe, maiti zinaning'inizwa kwenye kijisitu kando ya hekalu. Uppsala yenyewe hakufika. Alisimuliwa. Na leo kuna watu wamekaa ofisini wameitia kwenye mchezo, mtu wa Dar anaichagua kama nguzo. Chai nzuri haipoi.

Chuma_Chakavu:
Mpiga_Kengele umechimba hadi kwenye ule uzi. Haya.

Mimi ni mtoto pekee kwa mama yangu. Mzee alikuwa na nyumba mbili. Dogo ni wa nyumba ya pili, mama yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na bibi, mama yake mzee. Kwetu kaja akiwa darasa la sita na begi moja. Kwenye ule uzi niliuliza habari za nyumba, na niliandika pekee kwa sababu ndivyo mama alivyotaka niandike. Sitaki kuliongelea hapa.

Mpiga_Kengele:
Mh.

Mama_Kibonzo:
Ngoja. Kwa hiyo Juma ndiye jina la dogo?

Chuma_Chakavu:
La pili. La nyumbani.

Mkazi_wa_Kisauni:
Kwa hivyo kuna mtoto wa suria kwenye gemu ana jina la mtoto wa nyumba ndogo, na wewe mtoto wa nyumba kubwa ukaingia ukamfuta kwa urithi. Ndugu yangu, hata mwandishi wa tamthilia angeona haya.

Chuma_Chakavu:
Nilimfuta kwa sababu ya Lejre!! Angeitwa Harald ningemfuta vilevile.

Fundi_Ramani:
Nakuamini, na hapo ndipo nataka tumalize, maana mfalme anakohoa.

Patatu unapahitaji siku ya kurekebisha tu. Dini ikishasimama, imesimama, Lejre ikienda kwa mwingine hairudi kuwa ya kale. Kwa hiyo hukuwa na haja ya kumfuta mtoto, ulikuwa na haja ya kuwahi. Kilichokuchelewesha ni bei. Niambie, mfalme yupo kwenye mafunzo gani?

Chuma_Chakavu:
Elimu, mti wa ujuzi wa wanateolojia. Ana nukta mbili za kununulia ujuzi, sijazitumia tangu Pasaka.

Fundi_Ramani:
Tangu Pasaka! Fungua huo mti. Kuna inayoitwa Nabii, inakata bei ya dini kwa nusu. Ipo mbali kiasi gani?

Chuma_Chakavu:
…

Hatua mbili.

Kisu_Butu:
😂😂😂😂 Kaka mzima kamfukuza mdogo wake nyumbani kwa kutosoma mti.

Fundi_Ramani:
Nusu ya 5,200 ni 2,600. Unazo 3,900. Nunua, simamisha dini, halafu nenda kwenye uso wa Juma, bofya kulia, mrudishie urithi. Mzee akifa Denmark iende kwa Juma. Watakuwa falme mbili za ndugu wa dini moja, siyo mwisho wa dunia.

Mtumishi_Asiyelala:
Na kafara utoe.

Chuma_Chakavu:
Nabii nimenunua. Bei ni 2,600 kweli. Mchezo nimeusimamisha hapohapo, mzee hawezi kufa saa zikiwa zimesimama. Sijathibitisha. Basi la dogo linafika saa kumi jioni.

Kafara bado naifikiria. Wafungwa ni arobaini na moja.

Mpiga_Kengele:
Weka picha ya skrini basi tuamini.

Mama_Kibonzo:
Leo Jumapili. Uko wapi wewe?

Chuma_Chakavu:
Nipo. Dogo kafika jana, hata begi hajaweka chini, kaenda kwenye kompyuta. Kaanza kwa Juma. Kakaa anaangalia ile alama pembeni ya uso wake. Akaniuliza, tangu lini? Nikamwambia 938. Akasema kwa hiyo miaka mitatu. Nikamwambia ya kwenye mchezo, kwetu ni wiki moja. Hakunijibu. Karatasi yake nilikuwa nimeirudisha chini ya kipanya, kaiona imekunjwa vibaya.

Akavuta kiti. Akaniambia nikachemshe chai.

Mpiga_Kengele:
Si nilisema.

Fundi_Ramani:
Picha achana nazo. Nguzo ya tatu kaweka ipi?

Chuma_Chakavu:
Niliporudi na vikombe alikuwa ameshathibitisha. Dini inaitwa Kibibi, Juma yupo kwenye urithi. Hiyo ya tatu kaifunika kwa mkono, anasema nikiitaka niitafute mwenyewe.